Mstari mwekundu kwenye ripoti ya jeni ya Mjomba

Ukiwa ndiye mtu wa maabara katika ukoo, kila karatasi yenye namba inaishia mikononi mwako. Majibu ya mkojo ya shangazi, kipimo cha damu cha mtoto wa jirani, karatasi ya mtu anayeuliza "kwa niaba ya rafiki". Nimezoea. Mwaka huu nimeletewa jambo geni: ripoti ya jeni ya Mjomba.

Kijana wake anafanya kazi Muscat. Alipokuja likizo alimletea baba yake, mgonjwa wa kisukari, kopo la haluwa (nilishamsema, yamekwisha) pamoja na kikasha cha kuchukulia sampuli. Akampitishia Mzee kijiti cha pamba ndani ya shavu, akaondoka nacho, na baadaye ikaingia kwenye simu yangu faili ndefu yenye mistari ya kijani, manjano na nyekundu. Sehemu iliyomnyima Mzee usingizi ni moja tu, ile ya jeni za inflamesheni (uvimbe na joto linaloletwa na kinga ya mwili) na hatari ya moyo. Humo zilikuwa jeni tatu: CRP kijani, TNF manjano, IL6 nyekundu. Mbele ya IL6 kuna herufi mbili, GG, na maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba hatari iko juu.

Akanipigia. Baada ya shikamoo na marahaba akauliza moja kwa moja: "Mpwa wangu, hii GG ndiyo itakayoniondoa?"

"Hapana, Mjomba. Hata mimi naamini ninayo."

"Na mkazamjomba wako?"

"Naye pia. Na imamu. Na yule anayekuuzia mihogo."

Alidhani namtania. Sikuwa namtania, na nitaeleza kwa nini. Maelezo haya nilimpa vipande vipande, mengine kwa simu na mengine barazani kwake Ngamiani, Tanga, na nayaweka hapa kwa sababu ripoti za namna hii zinazidi kuletwa na jamaa walio nje, kwa mapenzi mema kabisa, na anayezipokea huachwa peke yake na rangi.

Nianze na lililo kweli. Mwenye kisukari ana hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo takriban mara mbili ya asiye nacho, na wengi wenye kisukari cha aina ya pili hawafi kwa sukari yenyewe, wanakufa kwa moyo au kiharusi. Inflamesheni ni mojawapo ya njia zinazounganisha maradhi haya. Ukijikata kidole kinavimba, kinapata joto, chembe nyeupe zinakimbilia pale, kazi ikiisha uvimbe unatulia. Kwa mtu mwenye kisukari, hasa mwenye kitambi, shughuli hiyo inaendelea kichinichini bila kidonda. Mwaka 1993 watafiti wa Harvard walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutoa TNF, kemikali ya kinga, na kwamba TNF hiyo huizuia insulini kufanya kazi yake. Yaani kitambi hakikai tu, kinasema na mwili mzima. Kinatoa pia interlukini-6, ndiyo ile IL6 ya kwenye ripoti, ambayo inaliamuru ini litengeneze CRP, protini inayopanda kwenye damu inflamesheni ikiwepo. Huko kwenye mshipa wa moyo, kolesteroli iliyopenya ukutani inaziita chembe nyeupe, zinaimeza mpaka zinashindwa, zinafia palepale, na mabaki yake yanafunikwa na utando. Siku utando ule ukipasuka damu inaganda juu yake, mshipa unaziba, na huo ndio mshtuko wa moyo.

Basi kuuliza kama jeni zinazoendesha kemikali hizi zinaongeza au kupunguza hatari si upuuzi hata kidogo. Watu wamelifanyia kazi swali hilo kwa miaka mingi. Upuuzi uko kwenye rangi.

Jeni ya interlukini-6 iko kwenye kromosomu ya 7. Herufi 174 kabla ya mahali jeni inapoanza kusomwa, kuna nafasi moja ambapo watu wengine wana G na wengine C, herufi mbili kati ya zile zinazoandika jeni. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama; GG maana yake zote mbili zina G. Mwaka 1998 watafiti wa London walionyesha kwamba, kwenye seli za maabara, jeni yenye G inafanya kazi kwa nguvu zaidi kuliko yenye C. Kutoka hapo zikamiminika tafiti, nyingi za Ulaya, zikilinganisha wenye G na wenye C kwa kila ugonjwa unaoujua. Kwa upande wa moyo, nyingine zikasema G ndiyo mbaya, nyingine zikasema C, nyingine hazikuona tofauti. Waliotengeneza ripoti ya Mjomba wakachagua G.

Sasa sikiliza. Huko Ulaya C ni ya kawaida, watu wengi wana nakala yake angalau moja, kwa hiyo kuuliza nani ana GG kunawagawa watu makundi mawili ya maana. Kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara, C ni adimu: nakala chache mno katika kila 100. Karibu kila mtu ana GG. Mjomba ni Mdigo kwa baba na kwa mama. Mstari ule mwekundu, kwa Kiswahili chepesi, unasema Mjomba ni Mwafrika. Hilo tulikuwa tunalijua bila kijiti cha pamba.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, na si hasira ya kisayansi tu. Jibu ambalo karibu kila mtu wa jamii yako analo haliwezi kukutenganisha na jirani yako. Haliwezi kueleza kwa nini Mjomba ana kisukari na mdogo wake hana, wala nani kati ya wazee wa baraza lile atashikwa na moyo. Lakini limepakwa nyekundu, na mtu wa miaka sitini na kitu amelala akilihesabia.

TNF ya manjano niliipita haraka barazani na hapa naipita haraka vilevile. Ni herufi moja, nafasi ya 308 kabla ya jeni, kwenye kromosomu ya 6, katikati ya mtaa wa jeni za kinga ambazo hurithiwa kwa mafungu. Ukiona tofauti hapo hujui ni ya TNF au ya jirani yake.

CRP ya kijani inahitaji maneno zaidi, kwa sababu Mjomba alitaka angalau hiyo imfariji. CRP naijua kwa mikono yangu. Iligunduliwa mwaka 1930 katika Taasisi ya Rockefeller, New York, na William Tillett na Thomas Francis, ndani ya damu ya wagonjwa wa nimonia. Kwenye maabara nyingi zetu bado tunaipima kwa lateksi: tone la seramu (maji ya damu yaliyotengwa na chembe), tone la kitendanishi, unazungusha kioo, unatazama kama kuna vichembe vinagandana. Kipimo hicho kwa kawaida huanza kuona kuanzia miligramu 6 hivi kwa lita, kinatosha kumgundua mtu mwenye maambukizi. Kwa moyo kinachotazamwa ni kiwango cha chini zaidi: chini ya 1 ni hatari ndogo, 1 hadi 3 ya wastani, juu ya 3 kubwa. Hiyo inataka mashine na kitendanishi cha unyeti wa juu, na inataka mtu asiwe na mafua wala kidonda cha mguu siku hiyo. Mwenye CRP ya kioo ambayo haikugandana asidhani amepimwa moyo.

Na jeni ya CRP je? Kuna watu waliozaliwa na namna za jeni zinazowafanya wawe na CRP ya juu maisha yao yote. Kama CRP yenyewe ndiyo inayoharibu mishipa, watu hao wangepaswa kuugua moyo zaidi. Mwaka 2008 watafiti wa Copenhagen walipima hilo kwa maelfu ya watu, na hawakuugua zaidi. Tafiti kubwa zilizofuata zikasema vilevile. CRP ni moshi. Ukiona moshi tafuta moto, lakini kuupepea moshi hakuzimi kitu, na kuwa na jeni ya moshi mdogo hakukuhakikishii kwamba jikoni hakuungui. Kwa hiyo mstari wa kijani nao niliufuta. Mjomba akasikitika kidogo.

Moto uko juu zaidi, kwenye interlukini yenyewe. Mwaka 2012 zilitoka tafiti mbili kubwa kwa pamoja kuhusu jeni ya kipokezi cha interlukini-6, yaani ule mlango ambao interlukini-6 inapitishia amri zake. Namna moja ya jeni hiyo inaudhoofisha mlango. Wenye nayo CRP yao iko chini kidogo, na hatari yao ya ugonjwa wa mishipa ya moyo iko chini pia. Kwa kiasi gani? Asilimia 3.4 kwa kila nakala, na ili kuuona upungufu huo ilibidi walinganishwe wagonjwa 51,441 na watu 136,226 wasio wagonjwa.

Rudia namba hiyo. Asilimia 3.4. Hiyo ndiyo jeni ya inflamesheni iliyothibitika, tena mojawapo ya zilizothibitika vizuri. Faida yake ni kwa wanaotafuta dawa: imewaambia wapi pa kugusa. Kwa mtu mmoja aliyekaa barazani, asilimia hiyo inamezwa na sigara moja ya kila siku.

Na waligusa kweli. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya jaribio lililoongozwa na Paul Ridker wa Boston: watu 10,061 waliowahi kupata mshtuko wa moyo na ambao CRP yao ilikuwa 2 au zaidi, takriban 4 katika kila 10 wakiwa na kisukari. Walichomwa sindano ya kuzuia interlukini-1, ndugu anayekaa juu ya interlukini-6 kwenye mnyororo ule. Kolesteroli haikubadilika, lakini matukio ya moyo yalipungua kwa asilimia 15 kwa dozi ya miligramu 150. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuonyesha kwamba ukituliza inflamesheni peke yake moyo unapata nafuu. Upande wa pili wa karatasi: vifo vya maambukizi viliongezeka, na bei ya dawa ile ni ya kuuza nyumba. Kundi hilohilo likajaribu methotrekseti ya dozi ndogo, dawa ya bei nafuu ya baridi yabisi, kwa wagonjwa wa moyo wenye kisukari au dalili za kukikaribia. Haikusaidia kitu.

Kisha kolchisini, dawa ya kale ya jongo. Montreal, 2019, wagonjwa 4,745 waliotoka kwenye mshtuko wa moyo karibuni, nusu miligramu kwa siku: matukio yakapungua kwa asilimia 23. Utafiti mkubwa zaidi uliofuata mwaka 2024 haukuona faida hiyo. Nalitaja hili kwa tahadhari moja: kolchisini ipo kwenye maduka ya dawa, na mwenye kisukari ambaye figo zake zimechoka inaweza kumpa sumu. Usiinunue kwa sababu ya blogu.

Sasa jeni ambayo mimi ningetaka kuiona kwenye ripoti ya mwenye kisukari, na haikuwemo. Ni ya haptoglobini. Protini hii nayo ni ya inflamesheni, ini huizidisha kwa amri ileile ya interlukini-6. Kazi yake ni kudaka himoglobini iliyomwagika kutoka kwenye chembe nyekundu zilizopasuka, kabla chuma kilichomo hakijaharibu kuta za mishipa.

Historia yake naipenda mno, mnisamehe nikikaa hapa. Oliver Smithies, Mwingereza aliyehamia Toronto, alikuwa kwenye maabara za Connaught, zilezile zilizokuwa zikizalisha insulini, akitafuta kitangulizi cha insulini. Karatasi aliyokuwa akitenganishia protini iliinyonya insulini na kumharibia kazi. Akakumbuka mama yake akitia wanga mashati ya baba yake, na jinsi ule uji ukipoa unavyoganda. Akapika wanga wa viazi, akaumimina ukaganda, akapitisha umeme. (Mwanamke yeyote wa Tanga aliyewahi kunyoosha kanzu ya Idi angemwelewa papo hapo.) Alipoweka seramu za watu akaona mistari isiyofanana baina ya mtu na mtu. Kwanza alidhani ni tofauti ya wanaume na wanawake, kisha ikabainika kuwa ni ya kurithi. Alichapisha mwaka 1955. Tuzo ya Nobel alikuja kuipata mwaka 2007, kwa kazi nyingine kabisa.

Tofauti aliyoiona ni hii: kuna haptoglobini 1 na haptoglobini 2. Mwenye nakala mbili za 2, yaani Hp 2-2, protini zake hushikana zikawa minyororo mikubwa, dhaifu katika kuizuia himoglobini isilete madhara. Kwa asiye na kisukari hilo halionekani kuwa jambo kubwa. Kwa mwenye kisukari linaonekana. Utafiti wa Wamarekani wa asili uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta wenye kisukari wenye Hp 2-2 wana uwezekano wa ugonjwa wa moyo na mishipa takriban mara 5 ya wenye Hp 1-1. Linganisha na asilimia 3.4 ya hapo juu, ingawa utafiti mdogo huwa na tabia ya kutoa namba kubwa.

Na hapa pwani Hp 2-2 ina sura nyingine. Mwaka 2007 watafiti wa Kilifi waliripoti kwamba watoto wenye Hp 2-2 waliugua malaria mara chache kuliko wenzao. Jeni ileile. Nilipomweleza Mjomba alifikiri, akasema: "Kama ninayo, basi faida yake nimeshaila."

Akauliza dawa. Ipo hadithi ya dawa. Israeli, mwaka 2008, watu 1,434 wenye kisukari na Hp 2-2, wa miaka 55 na zaidi, walipewa vitamini E au kidonge kitupu. Waliopata kifo cha moyo, mshtuko wa moyo au kiharusi walikuwa asilimia 2.2 upande wa vitamini na 4.7 upande wa kidonge kitupu, jaribio likasimamishwa mapema. Lakini vitamini E ikigawiwa kwa kila mtu bila kujali haptoglobini, majaribio makubwa yamekuta haina faida, na ufuatiliaji mmoja mrefu ulikuta moyo kushindwa kufanya kazi ukiongezeka. Mjomba hajapimwa haptoglobini, kwa hiyo vidonge alivyokuwa ameagiza kutoka Muscat nimevisimamisha.

Kinachonishika zaidi ni uchambuzi wa mwaka 2020 wa jaribio kubwa la Marekani na Kanada la kushusha sukari kwa nguvu. Jaribio lenyewe lilisimamishwa upande huo mwaka 2008 kwa sababu vifo vilizidi. Walipowatenga watu kwa haptoglobini, wenye Hp 2-2 ndio waliopata nafuu ya mishipa ya moyo kwa kushushwa sukari, wengine hawakuipata. Siku ikifika kipimo hicho kikawa cha kawaida kliniki, nitakuwa wa kwanza kuomba kitendanishi. Hiyo ingekuwa jeni inayomwambia daktari afanye kitu.

Ripoti ya Mjomba haikumwambia mtu afanye kitu. Nikachukua kadi yake ya kliniki badala yake. Presha ilikuwa imeandikwa 158 kwa 92 mara mbili mfululizo. Sukari ya miezi mitatu ilikuwa asilimia 8.9. Dawa ya kushusha kolesteroli haikuwepo kabisa, na hakuna aliyewahi kumtajia. Uingereza na Ayalandi, jaribio lililotoka mwaka 2004 liliwapa watu 2,838 wenye kisukari cha aina ya pili, wasiowahi kuugua moyo, atovastatini miligramu 10 au kidonge kitupu: matukio makubwa ya moyo na kiharusi yakapungua kwa asilimia 37. Nilimwandikia swali hilo kwenye karatasi ampelekee daktari, kwa adabu, maana mimi ni wa maabara na sipangi dawa. Daktari akampa, na presha akaiongezea dozi.

Sukari ya miezi mitatu ina mtego wake, na huu ni wa jeni kweli. Kipimo kinahesabu sukari iliyonata kwenye himoglobini wakati chembe nyekundu iko hai. Chembe ikifa mapema, sukari inakuwa haijapata muda wa kunata, jibu linatoka chini kuliko ukweli. Utafiti wa mwaka 2017 ulikuta wanaume wenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu) wa aina ya Kiafrika jibu lao linashuka kwa takriban pointi 0.8 za asilimia, na wenye nakala moja ya sikoseli pia husomeka chini. Pwani yetu zote mbili ni za kawaida. Mtu ambaye stripu za nyumbani zinamwonyesha milimoli 11 na 12 kwa lita kila asubuhi halafu kipimo cha miezi mitatu kinamwambia asilimia 6.5, amwambie daktari. Mjomba hana sikoseli, tulishampima.

Jambo jingine nililomsisitizia, na mkazamjomba akiwa amekaa pale asikie: mwenye kisukari cha muda mrefu mishipa yake ya fahamu huchoka, na mshtuko wa moyo unaweza kuja bila yale maumivu ya kifua. Jasho la ghafla, kuishiwa pumzi, kichefuchefu, uchovu usioeleweka: asipewe chai ya tangawizi akaambiwa alale, apelekwe hospitali. Na fizi zinazotoka damu azitibu, maana hizo nazo ni inflamesheni, tena inayoonekana kwa macho.

Binamu yangu wa Muscat alikuwa anasikiliza kwenye spika ya simu. Akasema, "Dada, basi mimi nilikuwa nataka nijipime hiyohiyo, nione kama nimerithi." Nikamwambia ana miaka arobaini, baba ana kisukari, tumbo limeshaanza kutangulia mbele yake: afunge usiku mmoja, apime sukari na kolesteroli, na avae mkanda wa presha, vyote kwa sehemu ndogo ya bei ya kile kikasha. Amesema atapima wiki ijayo. Alisema hivyo na mwezi uliopita.